Re: Ubongo unaweza kutuliza kinga ya mwili?

Mkuu, umeuliza iwapo ubongo wa mnyama unaweza kupunguza uvimbe unaoletwa na kinga. Unaweza. Mwaka 2000 kikundi cha Kevin Tracey huko Marekani kiliwapa panya sumu ya bakteria huku kikisisimua kwa umeme neva ya vagasi, ile inayoshuka kutoka ubongoni hadi tumboni. TNF, protini inayochochea uvimbe, ilipungua, na panya hawakuingia kwenye mshtuko wa mwili (shinikizo la damu kuporomoka).

Kinachonivutia zaidi ni njia yenyewe. Ishara ikifika kwenye bandama, neva za huko humwaga noradrenalini, kemikali ya kupeleka ujumbe. Seli T fulani (aina ya seli za kinga) zikiipokea hutoa asetilikolini, kemikali nyingine ambayo neva hutumia kupeana ujumbe, nayo huzifanya makrofaji, seli za kinga zinazomeza vijidudu, zipunguze kutoa TNF. Yaani seli ya kinga inatumia kemikali ileile inayotumiwa na neva!

Ila kutuliza si kuzuri daima: panya wasio na TNF hulemewa haraka na kifua kikuu.