Vumbi la duniani kwenye darubini za angani

Wengi mnaoingia kwenye kazi hii ya kuandaa darubini za angani mnaogopa kwamba vumbi litaziba kioo. Hilo ni dogo. Chembe chache haziibi mwanga mwingi, ila huutawanya: mwanga wa nyota kali ukizigonga, husambaa hadi pale unapotafuta kitu hafifu, nacho kikamezwa. Ukiulizwa kama kioo ni safi vya kutosha, uliza kwanza darubini inakwenda kutazama nini.

Jifunze kukagua kwa macho yako. Zima taa za chumba, ilaze tochi kali hadi mwanga wake uparaze uso wa kioo, kisha sogeza kichwa polepole. Kioo kilichoonekana safi chini ya taa za dari kitajaa vimetameta. Rudia kwa taa ya urujuanimno. Nyuzi nyingi za nguo hung'aa, nazo zimetoka kwetu sisi. Chumba safi (chumba chenye hewa iliyochujwa) cha ISO daraja la 7, kipimo cha kimataifa cha usafi wa hewa, kinaruhusu chembe 352,000 za mikroni 0.5 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) au zaidi katika kila mita ya ujazo ya hewa, na kila anayeingia anaongeza ngozi na nywele zake. Basi tembea taratibu, na ukiagizwa kubadilisha glavu, usinune.

Usikague vioo peke yake. Gaia, darubini ya angani ya Ulaya iliyorushwa Desemba 2013, ilisumbuliwa na mwanga uliopotea njia, na sehemu ya lawama ilikuwa ya nyuzi zilizochomoza kwenye kingo za ngao yake ya jua. Vioo havikuhusika.

Chombo kikishafika kwenye mzingo, chembe zilizojificha kwenye mikunjo ya blanketi za kukinga chombo dhidi ya joto na baridi huanza kutoka, hasa kifuniko kinapofunguliwa au chombo kinapotoka kivulini kuingia juani. Ikipita mita chache mbele ya darubini, chembe ndogo sana huwaka kwa jua na kuacha mstari mpana wenye ukungu, kwa kuwa iko karibu mno kuonekana vizuri. Nyota haifanyi hivyo. Kabla hujatangaza asteroidi mpya (wapo wanaokimbilia huko), linganisha picha hiyo na kumbukumbu za mienendo ya chombo saa ileile. Kwa kamera za infraredi (zinazoona mnururisho wa joto) kuwa mwangalifu zaidi, maana chembe yenye joto hung'aa hata kivulini.

Wala usichanganye vumbi na barafu inayoganda kwenye vioo. Darubini ya angani ya Euclid ilipashwa joto kioo kimoja Machi 2024, barafu ikatoka. Vumbi halitoki kwa joto.