Kabla mzazi hajapanda ndege ya New York, kaeni mhesabu saa

"Kumbe ni safari ya saa saba tu!" mamangu aliniambia, tiketi mkononi. Kuondoka Nairobi 23:30, kufika New York 06:30. Hesabu yake ilikuwa sawa, ila karatasi haikumwambia kwamba saa ya kuondoka ni ya Nairobi na ya kufika ni ya New York. Nami nilikuwa nimeshughulika na viza tu, sikumweleza.

Tukaketi barazani tukahesabu upya. Nairobi hadi New York ni takriban kilomita 11,800, na ndege ya moja kwa moja, safari ambayo Kenya Airways iliianzisha Oktoba 2018, huchukua kama saa 15. Ukiondoka saa tano na nusu usiku ukaongeza 15, kwetu ni saa nane na nusu mchana. Wakati wa baridi New York iko nyuma yetu kwa saa nane, kwa hiyo kule ndiyo kwanza kunapambazuka. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi ya kwanza ya Novemba Wamarekani husogeza saa mbele, na tofauti inakuwa saba. Kurudi ni kama saa 14, kwa sababu upepo wa juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki na kuisukuma ndege.

Kwa mzee anayetumia dawa, jambo hili ni zito. Mamangu humeza kidonge cha presha kila siku saa moja asubuhi. Saa moja ile ingemkuta angani, taa zimezimwa, watu wamelala. Tulimuuliza daktari wake mapema afuate saa ya wapi, na vidonge vikakaa kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku.

Miguu ndiyo tuliyoisahau. Alivua makubadhi yake akalala. Kulipokucha miguu imevimba, yakawa hayaingii, akashuka kwa soksi. Tafadhali mwambie mzazi wako ainuke atembee kila baada ya saa mbili hivi, anywe maji, na avae viatu vya kulegea.

Jingine ni tarehe. Ami yangu alikuwa apitie Ghuba, tiketi imeandikwa 00:40, tarehe 14. Tukampeleka uwanjani jioni ya tarehe 14, gari limejaa watu na mizigo, kumbe ndege imeondoka tangu usiku uliopita. Sikusahau uso wake. Tangu siku hiyo nikiona tiketi inayoanza na sifuri mbili, naiandikia juu kwa kalamu: usiku wa kuamkia tarehe 14, uwanjani tarehe 13 jioni.

Kwa sisi wa Mombasa, usinunue tiketi ya pili ya kutoka Nairobi yenye nafasi ya saa moja tu. Ni mwendo wa chini ya kilomita 450 angani, lakini kuna foleni ya pasipoti, kungoja masanduku na kuyakabidhi upya. Ndege ya kwanza ikichelewa na tiketi ni mbili tofauti, huenda ukalazimika kulipa tena. Mamangu aliporudi tulimlaza kwa dadangu Nairobi usiku mmoja, na kesho yake akateremka Mombasa kwa treni ya asubuhi, makubadhi miguuni.