Usilaumu barafu kabla hujaangalia chupa

Juzi usiku mdogo wangu mmoja wa Nairobi kaniandikia: “Dada, kimeng'enya changu kimekufa. Nimemalizia pesa yote ya ufadhili na hakisomi chochote. Nadhani kiliharibika njiani.” Nikacheka, halafu nikaacha, maana hiyo sentensi ya mwisho niliwahi kuiandika mimi, kwa herufi kubwa, na nakala nikampelekea mkuu wa idara.

Wacha nisimulie. Nilikuwa mwaka wa pili wa uzamivu hapa Dar, na mimi ndiye wa kwanza kwenye maabara yetu kuagiza prolaili haidroksilesi ya binadamu. Wa kwanza, na nitalisema mpaka nizeeke. Ndicho kimeng'enya kinachopachika haidroksili (oksijeni na haidrojeni) kwenye prolaini, asidi amino za kolajeni, ile protini inayoshikilia ngozi na mifupa, ili ule msuko wa nyuzi 3 ushike. Kisipofanya kazi, kolajeni ya aina ya I hufumuka kama ukili uliosukwa ovyo ikifika nyuzijoto 24 hivi, ilhali iliyokamilika huvumilia joto la mwili wetu. Nyuzijoto 24 kwetu Dar watu wanatafuta sweta!

Ni ghali kwa sababu kukitengeneza ni kazi. Kina minyororo 4, miwili ya alfa na miwili ya beta. Ukipandikiza jeni ya alfa peke yake kwenye seli, protini inaganda mabonge yasiyofaa kitu. Lazima jeni zote mbili ziingie pamoja, mara nyingi kwenye seli za wadudu. Matokeo yake unalipa pesa ya kodi ya nyumba ya miezi kadhaa, unaletewa kichupa chenye majimaji yasiyofika tone la chai.

Changu kilitua Ijumaa. Karatasi moja ya kibali ilikosa mhuri, wakala wetu wa forodha akasema tusubiri, na mpaka Jumatatu saa nane mchana ndipo nikakabidhiwa boksi. Nililifungua mbele ya wenzangu. Barafu kavu ya kukitunza njiani iliyobaki ilikuwa kama tonge la ugali, inafuka moshi mwembamba. Nikaipiga picha. Kichupa chenyewe kilikuwa bado kimeganda, nilikigusa na glavu nikaona, lakini ugumu hauonekani kwenye picha, na mimi wala sikuutaja.

Miezi mitatu iliyofuata nairuka. Sampuli yenye kimeng'enya na isiyo nacho zilitoa mwanga uleule, wiki baada ya wiki, ilhali yenye kimeng'enya ilitakiwa iwake zaidi. Kwenye kikao cha Jumatatu msimamizi wangu akasema, bila kunitazama, kwamba kuna watu wanaagiza vitu vikubwa kuliko mikono yao. Watu wakachekea kwenye vikombe vya chai. Sijamsamehe vizuri, tusidanganyane. Jioni ile nikaitoa ile picha ya barafu nikaandika barua kali dhidi ya wakala. Kijana aliyeshughulikia mzigo akaondolewa kwenye kazi zetu.

Aliyenifumbua macho ni fundi wetu wa maabara, mzee ambaye sote tunamwita Babu. Umeme ulikuwa umekatika, tunangoja jenereta, akaichukua chupa yangu ya bafa, yaani maji ya kutunza pH, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa simu. “Mwanangu, hii si ya watu wa DNA?” Mimi siku zote nilisoma “T 8.0” nikajua ni Tris, kemikali ya bafa yangu, na pH yake. Babu akaniinamishia chupa: pembeni ya ile T kulikuwa na kivuli cha herufi iliyofutika. Spiriti tunayopangusia meza ilikuwa imekula wino wa E. Ilikuwa TE, bafa ya kuhifadhia DNA. Na hiyo 8.0 peke yake ingetosha kunishtua, maana bafa yangu inatakiwa iwe 7.8.

Sasa fanya hesabu. TE ina EDTA milimola 1, na nilikuwa nazimulia kimeng'enya humo, sehemu moja ya kumi ya mchanganyiko wote. Hiyo ni EDTA milimola 0.1. Chuma nilichoweka kilikuwa milimola 0.05. EDTA hukumbatia chuma kama pweza, na mimi kila chembe ya chuma niliipa pweza wawili. Kimeng'enya hiki bila chuma hakina kazi.

Usiku uleule nikachanganya Tris yangu mwenyewe, nikatoa tone la mwisho la kichupa kilekile cha barafu ya tonge. Namba zikapanda. Nililia, na koti la maabara halifai kufutia machozi, lina harufu ya kila kitu.

Kwa hiyo mdogo wangu, na wewe unayeota maabara yako mwenyewe: andika lebo kwa mkono wako, weka tarehe, bandika utepe wa plastiki juu yake. Chupa usiyoichanganya wewe usiiamini. Pima chuma siku ileile. Salfeti yake ikiwa nzima ina kijani hafifu, ikigeuka njano au kahawia imeshaliwa na oksijeni. Achana na bafa ya fosfeti, hukidaka chuma. Vitamini C nayo iyeyushe siku ileile, ndiyo inayokirudisha chuma kwenye hali yake kimeng'enya kikikwama, na kuikosa ndiko kulikowafumua fizi mabaharia wa kiseyeye ambao James Lind aliwapa machungwa na malimau mwaka 1747. Na andika lebo. Nimeshasema? Nasema tena, kwa sababu kizazi hiki tunaweza kuandika barua ya lawama kurasa mbili, lakini herufi mbili kwenye chupa zinatushinda.

Leo asubuhi wa Nairobi kanitumia picha za vifaa vyake vyote. Kwenye bafa anachanganya vidonge vya kuzuia protiesi, vimeng'enya vinavyokata protini, na nimelikuza boksi mpaka picha ikavunjika: hakuna mahali palipoandikwa kwamba havina EDTA. Nimemwambia aanzie hapo.

Yule kijana wa forodha nilimtafuta wiki iliyopita. Nilimwandikia ujumbe mrefu, nikamweleza habari ya TE, na kwamba kichupa kilifika kimeganda na nilijua. Tiki zimegeuka bluu tangu Jumanne.