Maswali na Majibu: Jina, Barkodi na Meseji za Biashara

Maswali ya safari hii yametoka kwa wafanyabiashara wadogo wa Tanzania na Kenya. Tumeyafupisha.

Nimesajili jina la viungo vyangu BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania. Sasa kuna mtu Mombasa anauza pilau masala kwa jina hilohilo. Cheti changu hakinisaidii?
*Muuza viungo, Tanga*

Kwa unavyoeleza, cheti ulicho nacho ni cha jina la biashara. Kinaonyesha nani anafanya biashara kwa jina gani, basi. Hakikupi nguvu ya kumzuia mtu kulibandika jina hilo kwenye pakiti zake. Nguvu hiyo iko kwenye alama ya biashara, ambayo nayo husajiliwa BRELA, ila kwa ombi jingine, ada nyingine na chini ya sheria ya alama za biashara na huduma ya mwaka 1986. Na hata ungekuwa nayo, isingevuka mpaka wa Horohoro. Usajili wa BRELA ni wa Tanzania Bara tu. Zanzibar wana wakala wao, BPRA, na Kenya wana KIPI, taasisi yao ya kusajili alama za biashara. Kila upande unaombwa peke yake.

Fanya hivi. Kwanza omba upekuzi wa jina BRELA na KIPI ujue kama limeshachukuliwa. Kama huyo wa Mombasa amelisajili Kenya, huko amekushinda, na ukipeleka mzigo wako Kenya yeye ndiye mwenye haki ya kukuzuia. Pili, chagua daraja. Bidhaa na huduma zote zimegawanywa katika madaraja 45: 1 hadi 34 ni bidhaa, 35 hadi 45 ni huduma. Viungo, chai, kahawa, unga na asali viko daraja la 30. Mafuta ya kula na siagi ya karanga ni 29, sabuni na vipodozi ni 3, nguo ni 25, mgahawa ni 43. Kila daraja hulipiwa, kwa hiyo usiombe madaraja ya bidhaa unazoziota tu. Tatu, kama una fedha za ombi moja, ombea jina kwa herufi tupu kabla ya nembo yenye mchoro na rangi. Jina tupu linakulinda hata ukibadilisha mchoro mwakani.

Ombi likikubaliwa hutangazwa kwenye jarida rasmi, na watu hupewa siku 60 za kuweka pingamizi. Bara, usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Kenya ni miaka 10 tangu mwanzo. Kwa kuwa biashara yako haiko Kenya, KIPI utapitia kwa wakala aliyeko huko.

Kinachowakwamisha wengi ni jina lenyewe. “Viungo Bora” au “Asali Safi” linaieleza bidhaa tu, na msajili hawezi kumpa mtu mmoja maneno ambayo kila muuza asali anayahitaji. Jina lisiloieleza bidhaa hupita kwa urahisi zaidi. Na ile ® usiiweke kwenye lebo kabla ya cheti kutoka, maana kudai usajili usiokuwepo ni kosa kisheria.

Supamaketi wameniambia bila barkodi hawachukui sabuni zangu. Mtandaoni nimeona namba zinauzwa rahisi. Ninunue?
*Mtengeneza sabuni, Morogoro*

Usinunue. Namba hizo mara nyingi zilitolewa kwa kampuni nyingine na zinauzwa mkono wa pili. Supamaketi ikiingiza namba kwenye mfumo, inaweza kukuta ni ya biskuti za mtu, au ikitafuta mwenye namba ikapata jina lisilo lako. Nenda GS1 Tanzania, shirika linalotoa namba za barkodi, ujiunge, upewe namba zinazoanza na 620. Za Kenya huanza na 616. Tarakimu hizo tatu zinaonyesha mwenye namba amejiunga wapi. Hazisemi bidhaa ilitengenezwa nchi gani, ingawa madukani utasikia watu wakiapa kinyume.

Barkodi ya kawaida ina tarakimu 13, na ya mwisho hupatikana kwa hesabu. Chukua zile 12 za kwanza: zilizo nafasi ya 1, 3, 5, 7, 9 na 11 zijumlishe zilivyo, zilizo nafasi ya 2, 4, 6, 8, 10 na 12 zijumlishe kisha uzidishe kwa 3. Kwa namba ya mfano 620123456789 unapata 26 na 81, jumla 107. Kufika 110 zimebaki 3, basi ya mwisho ni 3. Ukibadilisha tarakimu moja kwa mkono kwenye kompyuta bila kurudia hesabu hiyo, namba itakataliwa.

Kila aina na kila ujazo una namba yake: sabuni ya mwarobaini ya gramu 100 moja, ya gramu 250 nyingine, ya liwa nyingine. Katoni nayo ina yake. Ukipandisha bei namba haibadiliki, kwa sababu bei iko kwenye kompyuta ya duka na wala haimo kwenye mistari.

Sasa uchapishaji, ambako ndiko fedha hupotea. Ukubwa kamili ni milimita 37.29 kwa 25.93, pamoja na nafasi tupu za pembeni. Unaweza kuupunguza hadi asilimia 80, yaani karibu milimita 30 kwa 21, si chini ya hapo. Wachoraji hupenda kukata urefu wa mistari ili lebo ipendeze, halafu keshia anaigeuzageuza sabuni mara tano mbele ya foleni. Nafasi tupu za kushoto na kulia nazo ni sehemu ya barkodi, usizijaze maua. Mistari iwe myeusi juu ya nyeupe. Mistari myekundu machoni inaonekana vizuri, lakini skana nyingi hutumia mwanga mwekundu na kwao nyekundu ni sawa na nyeupe. Kwenye plastiki angavu chapisha kwanza kibandiko cheupe chini yake. Kwenye chupa nyembamba, geuza mistari ilale kama vipandio vya ngazi, la sivyo pande mbili zinapinda na kutoka nje ya upeo wa skana. Kabla ya kuchapa lebo 5,000, chapa 10, zibandike, kisha uombe dukani wazipitishe kwenye mashine yao.

Nina wateja 1,200. Nimewatumia meseji moja ya ofa, ya herufi 150, nikakatwa meseji 3,600. Nimeibiwa?
*Mwenye saluni, Nakuru*

Hujaibiwa. Angalia neno “ng’arisha” kwenye ujumbe wako. Meseji ya kawaida hubeba herufi 160 kwa alfabeti ya msingi ya simu, na Kiswahili chote kinaingia humo, isipokuwa pale kiapostrofi kinapokuwa kile kilichopinda, ambacho simu na programu za kuandikia hukiweka zenyewe. Alama hiyo haimo kwenye alfabeti ya msingi, kwa hiyo ujumbe wote hugeuzwa mfumo mwingine unaobeba herufi 70 tu. Ukizidi 70 unakatwa vipande vya herufi 67. Herufi zako 150 zikawa vipande vitatu, mara wateja 1,200, ndiyo 3,600. Emoji moja ingefanya vivyo hivyo.

Dawa ni kuandika kiapostrofi kilichonyooka (') moja kwa moja kwenye kisanduku cha mtoa huduma badala ya kunakili kutoka kwingine, kuondoa emoji na nukuu zilizopinda, kisha kusoma kihesabu cha vipande kabla ya kubonyeza tuma. Ukivuka 160 hata kwa alfabeti ya msingi, vipande huwa vya 153. Jina la mtumaji lisizidi herufi 11, nafasi ikiwemo. Ukitumia jina badala ya namba mteja hawezi kujibu, hivyo weka namba ya simu ndani ya ujumbe.

Kuna jambo hukuuliza. Kama namba hizo umezitoa kwenye meseji za M-Pesa za waliokulipa, hukuruhusiwa kuzitumia kwa matangazo. Aliyekulipa kusuka nywele hakukubali kutangaziwa. Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inataka ridhaa yake na njia rahisi ya kujitoa, na Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2022. Weka daftari kaunta: jina, namba, tarehe, na mstari mmoja unaosema “nakubali kutumiwa ofa”. Orodha ya watu 300 waliokubali ina manufaa kuliko hao 1,200, na inakugharimu robo.

Nimelipia tangazo Instagram shilingi 60,000. Laiki 2,300, walionunua 4. Instagram haifai?
*Muuza magauni, Kariakoo*

Huenda uliinunua laiki bila kujua. Ukibonyeza kulipia tangazo, unaulizwa unataka nini. Ukichagua watu washiriki posti, mfumo unawatafuta wapenda kubonyeza moyo, na hao ni wengi na ni rahisi. Chagua lengo la ujumbe, liwalete WhatsApp. Laiki zitapungua sana, usishtuke.

Kisha piga hesabu. Elfu 60 kwa wateja 4 ni 15,000 kwa kila mmoja. Kama gauni linakuachia faida ya 12,000 baada ya mtaji na bodaboda, umepoteza 3,000 kila ulipouza. Ulihitaji wateja 5 kurudisha fedha, wa 6 ndiye wa kwanza kukupa faida. Hiyo ndiyo namba ya kuandika ukutani. Mteja anayerudi mara tatu kwa mwaka hubadilisha hesabu, lakini mpaka uwe na kumbukumbu za kuonyesha anarudi.

Na acha “bei DM”. Anayeuliza bei saa nne usiku na kujibiwa kesho yake asubuhi amekwishanunua kwa jirani yako. Weka bei, saizi zilizopo na eneo la duka kwenye picha yenyewe. Wasioimudu wataondoka bila kukuchosha.

Nembo yangu nimeitengeneza kwa akili unde, inapendeza kwenye simu. Mpiga chapa anasema haifai kwa bango la mita mbili.
*Mwenye mgahawa, Kisumu*

Yuko sahihi. Programu hizo nyingi hutoa picha ya vitone, tuseme pikseli 1,024 kwa upana. Kwa uchapishaji mzuri wa vitone 300 kwa inchi, hiyo inatosha takriban sentimita 8.7. Bango la mita mbili, hata kwa vitone 100 kwa inchi, linataka karibu pikseli 7,900. Mpe mchoraji aichore upya kwa mistari, kwa Illustrator au Inkscape ambayo ni ya bure, akukabidhi SVG, PDF, PNG isiyo na mandharinyuma, na toleo la rangi moja la muhuri na risiti. Kijani kile kinachowaka kwenye skrini hakipo kwenye wino wa rangi nne, kichague upya ukiwa na karatasi iliyochapwa mkononi.

Hakimiliki nayo ina tatizo. Marekani, ofisi ya hakimiliki hukataa kusajili kazi isiyo na mtunzi binadamu, na mahakama iliunga mkono msimamo huo mwaka 2023. Mkono wa mchoraji wako unasaidia hapo. Isitoshe, programu iliyokuchorea kikombe chenye mvuke imewachorea wengine pia, kwa hiyo fanya upekuzi KIPI kabla ya kulipia bango.

Naweza kuweka roboti ijibu watalii WhatsApp?
*Mwendesha safari, Zanzibar*

Unaweza, ila ikisema, umesema wewe. Februari 2024 baraza la usuluhishi la British Columbia, Kanada, liliiamuru Air Canada imlipe abiria ambaye roboti ya tovuti yake ilimwambia angeweza kudai punguzo la nauli ya msiba baada ya kusafiri, kinyume na kanuni za shirika. Shirika lilijitetea kwamba roboti inajibu kwa nafsi yake. Halikusikilizwa.

Kwa safari zako, anza na majibu ya haraka yaliyomo ndani ya WhatsApp Business: bei ya Prison Island, muda wa kuondoka, kilichomo na kisichomo kwenye bei. Ukifika kwenye roboti, ipe karatasi moja ya bei yenye tarehe, ikatazwe kutoa punguzo na kuahidi kurudisha fedha, na iseme wazi kwamba ni mashine. Mteja akitaja mgonjwa, mtoto au kuahirisha, imkabidhi kwa mtu. Kumbuka pia kwamba kwenye mfumo wa kampuni wa WhatsApp una saa 24 tangu ujumbe wa mwisho wa mteja kumjibu kwa maneno huru. Zikipita, unaruhusiwa violezo tu, yaani ujumbe ulioandikwa na kuidhinishwa kabla. Na Kiswahili chake kisome mwenyewe kwanza. Mashine bado huandika “boti kubwa hizi zinaondoka” kwa boti moja.

Kijana aliyekuwa akiendesha WhatsApp ya duka ameacha kazi na laini ni yake. Tufanyeje?
*Duka la vipodozi, Arusha*

Mlipeni haki zake zote leo, kisha mwombeni mbadilishe namba akiwa bado rafiki. Nunueni laini iliyosajiliwa kwa jina la mwenye duka au kampuni. Kwenye simu yenye akaunti, nendeni Mipangilio, Akaunti, Badilisha namba, mkichagua wateja wajulishwe. Kwenye laini mpya wekeni uthibitishaji wa hatua mbili, PIN ya tarakimu sita inayojulikana na mwenye duka tu. Wafanyakazi waunganishwe kama vifaa vya ziada, ambavyo hufika vinne. Mtu akiacha kazi, kifaa chake kinaondolewa papo hapo.

Orodha ya matangazo huchukua watu 256, na humfikia tu aliyeihifadhi namba yenu. Kwa hiyo waliohifadhi ile ya zamani hawatapata ofa mpaka wahifadhi mpya. Bandikeni namba mpya kaunta, kwenye mifuko na kwenye risiti, na kila anayelipa aombwe kuihifadhi pale pale.