Tabaka la pili la nini kwenye utumbo wa milimita 5?

Mkuu, hapana. Huo uzi wa hariri namba 4-0 uweke chini kwanza.

Mtoa mada ana kichanga wa siku 2, jejunamu (sehemu ya kati ya utumbo mwembamba) imezaliwa imeziba, kesho anaingia naye thieta, chumba cha upasuaji. Anataka kuunga utumbo kwa tabaka 2 za mishono "ili usivuje". Hilo tabaka la pili ndilo litakalowarudisha wote thieta.

Piga hesabu. Utumbo wa chini ya kizibo haujawahi kupitisha kitu, tundu lake ni milimita 5 hivi. Tabaka la pili linakunja ukuta kwenda ndani. Ukikunja milimita 1 tu kila upande, tundu linabaki 3, yaani nafasi ya kupitia imeshuka hadi asilimia 36, na uvimbe wa siku za mwanzo bado haujaingia. Hautavuja, sawa. Wala hautapitisha. Tumbo litajaa, mrija wa puani utatoa nyongo ya kijani kila siku, na wodini mtaambizana "tusubiri, utumbo umelala". Umelala wapi, umeuziba wewe! Halafu nyuzi zikirundikana zinabana mishipa ya damu, kingo zinakufa, na kule kuvuja ulikokukimbia kunakuja vilevile.

Wanaohubiri tabaka 2 wameshona watu wazima miaka yote, kisha wanawaambia vijana kichanga ni yuleyule ila mdogo. Mwenye hamu ya kushona mara mbili aende Kariakoo, mafundi cherehani hawakosi kazi. (Ndiyo, najua mtasema najifanya profesa.)

Tabaka MOJA. Uzi unaoyeyuka, 5-0 au 6-0 (namba ikipanda uzi ni mwembamba zaidi), fundo moja moja. Sindano ipite kwenye misuli na ishike sabmukosa (tabaka la ukuta lililo chini tu ya utando wa ndani), maana nguvu yote iko hapo, daktari wa upasuaji Halsted alilionyesha hilo tangu 1887. Utando wa ndani usiuguse. Anza kona ya mesenteri (utando unaoshikilia utumbo na kuupelekea damu): mafuta yanaficha ukuta na mshono ukikosea hapo huuoni. Kisha kona inayoikabili, halafu jaza katikati kwa kuachanisha milimita 2 hivi. Fundo likutanishe kingo tu. Tishu ikigeuka nyeupe, umekaza mno.

Upana usiolingana wa ncha mbili za utumbo hautibiwi kwa nyuzi. Upande mwembamba ukate mshazari, kisha upasue kidogo mgongoni, mkabala na mesenteri, mdomo utanuke. Lile puto la juu, yaani utumbo uliotanuka juu ya kizibo, likate kama urefu unaruhusu, halisukumi chochote. Madaktari wa upasuaji Louw na Barnard (huyo huyo aliyepandikiza moyo 1967) walishalieleza Cape Town miaka ya 1950. Utumbo ukiwa mfupi, punguza upana wa puto hilo upande wa mgongo badala ya kulikata.

Na kabla ya uzi wa kwanza, sukuma maji ya chumvi ya vuguvugu kwa mrija laini kwenye utumbo wa chini mpaka uyaone yamefika utumbo mpana. Yakikwama njiani kuna kizibo kingine, na hakuna mshono wa juu utakaokisaidia hicho.