Kupanda Mlima Kenya ukitokea Mombasa, jaketi moja halitoshi

Ndugu yangu wa Likoni umeuliza kama jaketi moja zito litakutosha mpaka Point Lenana, kile kilele cha Mlima Kenya wanachofika watembeaji, mwezi wa nane. Halitoshi, na nakwambia kwa uchungu manake mimi ndo nilivofanya mara ya kwanza. Tishati ya pamba ndani, jaketi kubwa juu, tukatoka Shipton's, kambi ya mwisho kabla ya kilele, saa tisa usiku, jasho likalowesha tishati yote na tuliposimama tu kupumua ikawa kama nimebandikwa barafu mgongoni, meno yanagongana, mpaka mwongozaji wetu akanivua akanipa fulana yake kavu.

Pamba iwache nyumbani. Ndani vaa fulana ya michezo ile isoshika maji, kati sweta ya flisi, juu jaketi la kuzuia upepo na mvua. Zote nilizipata Kongowea, wahi asubuhi bela za mitumba zinapofunguliwa. Pesa zako weka kwa viatu na slipingi bagi, ule mfuko wa kulalia (huu hata kukodi Nanyuki sawa), na kwa zile namba za baridi zilizoandikwa kwa mfuko usiangalie ile ya mwisho, hiyo ni ya kukufanya usife, angalia ya kulala vizuri.

Halafu jaribu vitu kabla hujasafiri. Mimi nilimuomba rafiki yangu muuza samaki nisimame kwa chumba chake cha barafu dakika kumi, mlango wazi naye yupo, nikavaa kila kitu nikajaribu kufunga kamba za viatu. Kwa zile glavu nene hata zipu sikuweza kushika! Ndo nikajua nataka pea mbili, nyembamba ndani, nene juu.

Chupa ya maji igeuze kichwa chini, barafu huanza juu. Simu na betri za tochi lala nazo.

Na usikimbize safari. Sisi tunatoka usawa wa bahari, Lenana ni mita 4,985, hewa karibu nusu ya hii yetu. Lala Nanyuki, kisha kambi ya Old Moses mita 3,300, kisha Shipton's 4,200 na hapo ongeza siku nzima. Kichwa kikiuma sana na unatapika, shuka, hata kama kilele unakiona pale.

Nina soksi za sufu pea mbili sizitumii, kama unavaa 43 sema nikuletee hapo feri.