Kukata miunganiko ya ubongo: maswali yenu kuhusu kizingiti

Tunapopima kwa MRI jinsi shughuli za maeneo mawili ya ubongo zinavyopanda na kushuka pamoja, kila jozi ya maeneo hupata namba. Kizingiti ni kiwango tunachokiweka: jozi zilizo juu yake tunazihesabu kuwa viungo vya mtandao, zilizo chini tunazikata.

Kwa nini tukate? Si tutumie namba zote?

Inawezekana. Ukiugawa ubongo katika maeneo 90 unapata jozi 4,005, na kila jozi ina uwiano wake (correlation, yaani kiasi maeneo hayo yanavyokwenda pamoja) kati ya -1 na 1, hata kama maeneo hayo hayahusiani kabisa. Namba nyingi zilizo karibu na sifuri ni kelele tu, na baadhi ya vipimo vya mtandao, kama urefu wa njia (hatua ngapi kutoka eneo moja hadi jingine), havina maana kila eneo likishikana na kila jingine. Ila vipo vipimo vinavyokubali viungo vyenye uzito, yaani kila kiungo kikibaki na namba yake. Kama vinajibu swali lako, usikate.

Msimamizi wangu anataka nitumie kizingiti cha 0.3. Imetoka wapi?

Kwenye mazoea. Hakuna kinachogeuka ndani ya ubongo uwiano ukifika 0.3. Aliyetikisa kichwa ndani ya mashine ya MRI anaweza kubaki na viungo 900, aliyetulia 600, na tofauti hiyo ya idadi peke yake inabadilisha karibu kila kipimo kinachofuata.

Basi nichukue asilimia 10 ya viungo vyenye nguvu zaidi kwa kila mtu?

Hapa wengi hushusha pumzi. Mimi ndipo ninapoanza kukagua. Idadi italingana kweli, viungo kama 400 kila mmoja. Lakini tuseme wagonjwa wako wana uwiano wa chini kwa ujumla. Ili kuzifikisha hizo 400, programu itashuka hadi viungo vya 0.15, wakati kwa wenye afya iliishia 0.35. Viungo dhaifu hivyo vingi ni vya bahati tu, vinatawanyika ovyo, na mtandao wa mgonjwa unaonekana umevurugika. Makala inatoka ikidai ugonjwa umeharibu mpangilio wa ubongo, kumbe kilichopungua ni nguvu ya miunganiko tu. Van den Heuvel na wenzake waliionyesha hatari hii mwaka 2017, na bado inapita. Kwanza linganisha wastani wa uwiano wa makundi yote mawili. Ukitofautiana, uripoti, kisha uuingize kwenye modeli yako.

Namba hasi nizifanyeje?

Usizigeuze chanya kimyakimya. Kama uliondoa ishara ya jumla ya ubongo (wastani wa ishara ya ubongo mzima) wakati wa kusafisha data, hatua hiyo yenyewe huzalisha namba hasi. Kuziacha nje ni sawa, mradi useme.

Nimejaribu vizingiti vingi. Asilimia 12 imenipa p ya 0.03, chini ya 0.05 inayozoeleka kama kigezo cha tofauti ya kweli. Niripoti hiyo?

Hapana, ripoti vyote. Tofauti inayoonekana kwenye 12 na kupotea kwenye 10 na 15 si ya kuitegemea. Safari ijayo panga masafa kabla ya kufungua data, tuseme asilimia 5 hadi 30, kisha chora kipimo chako kwa kila kizingiti na ukokotoe ukubwa wa sehemu iliyo chini ya mkunjo huo katika masafa yote. Utakuwa na namba moja kwa kila mtu na jaribio moja la takwimu.